Theluji iliyoloa: jibu unalipata usiku, kabla hujafunga kramponi

Kijana mmoja anayeongoza wageni kwenye milima ya Rwenzori kwa njia ya Kilembe ameniandikia hivi: "Shikamoo Mzee. Mwezi wa tano tulichelewa kushuka kutoka kilele cha Margherita. Ilipofika saa saba mchana theluji mpya ilikuwa inatuzamisha mpaka magotini, na vidonge vya theluji vilikuwa vinabingirika kutoka juu vikitupita. Mkubwa wangu wa kazi akasema tusijali, Rwenzori hakuna maporomoko ya theluji. Sasa mgeni mmoja niliyempandisha amenialika kwao Alpi, Ulaya, mwezi wa nne, twende milimani kwa ski, vile vibao virefu vya kutelezea theluji, mbali na viwanja vyenye lifti. Ananiambia kwamba majira hayo kinachoogopwa ni theluji iliyoloa. Nitajuaje kwamba imekaribia kuporomoka?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na mkubwa wako wa kazi, kwa sababu neno alilokuambia linaweza kuua mtu.

Namwelewa. Sisi wa Kasese tumelelewa tukiogopa mengine mlimani: nyufa za barafu, mawe yanayodondoka jua likiwaka, kichwa kinachopasuka kwa ajili ya mwinuko, matope ya kinamasi cha Bigo yanayomeza gambuti. Poromoko la theluji tumelihesabu kuwa habari za Ulaya. Na kweli barafu yetu imenyauka. Luigi Amedeo, yule mwana wa kifalme wa Italia, alipofika Margherita na wenzake tarehe 18 Juni 1906, barafu ya Rwenzori yote ilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 6.5. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki karibu kilomita moja ya mraba. Miteremko yenye theluji imekuwa mifupi, na kinachoporomoka pale huwa kidogo.

Lakini hicho kidogo si lazima kikufukie ndipo kikudhuru. Kikikushika mapajani kwenye mteremko mkali ulio juu ya ufa, au juu ya ukuta wa mwamba, kazi yake ni kukusukuma tu, na mlima unamalizia. Vile vidonge ulivyoviona ni theluji ya juu ikisema kwamba chembe zake zimeacha kushikana. Kule Alpi mtu aliyefunzwa akiona vidonge vya namna hiyo vinaongezeka na kukua, anageuza. Nyinyi mlikuwa bado katikati ya mteremko, saa saba mchana, theluji ikiwa magotini. Mlipita salama, lakini hali ile haikuwa salama.

Sasa swali lenyewe. Watu wengi hulitafutia jibu mchana, kwa kutazama mteremko. Mimi nakuambia ulitafute usiku. Theluji iliyoganda vizuri usiku inakupa saa kadhaa za kufanya kazi yako. Theluji ambayo haikuganda haikupi hata moja, na hakuna ujuzi wa kamba wala wa ski unaoweza kukurudishia saa hizo. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote nitakayosema hapa chini.

Sababu yake iko kwenye sigiri ya mama yako. Chukua kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzijoto 0. Makaa yanayohitajika kuiyeyusha tu, ibaki maji ya baridi ile ile, yangetosha kuyachukua maji hayo kutoka 0 mpaka karibu nyuzijoto 80, yaani karibu yachemke kwa chai. Kuyeyuka kunakula moto mwingi. Ndiyo maana theluji iliyoganda usiku inalivumilia jua kwa muda mrefu bila kuonesha mabadiliko: kwanza joto linatumika kuipandisha ifike sifuri, halafu linatumika kuyeyusha lile gamba gumu la juu. Ukipita juu yake saa mbili, saa tatu, unahisi kama unatembea barabarani. Kisha gamba linakwisha. Kuanzia hapo kila joto linaloingia linageuka maji, maji yanashuka ndani, yanalainisha vile vishikizo vyembamba vya barafu vinavyounganisha chembe na chembe. Mabadiliko hayaji polepole kama unavyodhani. Mteremko uliokubeba saa nne unaweza kukuacha saa tano na nusu.

Sasa, usiku theluji inagandaje? Inatoa joto lake kwenda angani. Anga likiwa wazi, nyota zimetapakaa, joto linapotea moja kwa moja, na uso wa theluji unaweza kuganda hata kama hewa unayopumua iko kwenye nyuzijoto 2 au 3 juu ya sifuri. Wingu likikaa juu ni kama umeifunika blanketi: joto linarudishwa, na theluji inalala na maji yake. Kwa hiyo kipimajoto peke yake kinaweza kukudanganya kwa pande zote mbili. Nyota hazikudanganyi.

Nitakueleza jinsi nilivyojifunza hili. Miaka mingi iliyopita tulilala Elena, kibanda kile cha mita 4,541, mimi na mwenzangu mmoja na wageni watatu. Usiku kucha wingu lilikaa juu ya paa. Nilitoka saa nane usiku kuangalia, nikaweka kiganja kwenye theluji ya siku moja iliyokuwa juu ya jiwe karibu na mlango. Ilikuwa laini kama ugali usioiva, na nilipoikamua maji yalipita katikati ya vidole. Nilijua maana yake. Lakini wageni walikuwa na siku hiyo moja tu, na mwenye kampuni iliyonituma alikuwa ameniambia kwamba kundi lililotangulia lilirudi bila kufika kileleni na hataki kusikia malalamiko tena. Tukafunga kramponi, vile vyuma vya meno vya chini ya viatu, tukaondoka.

Kupanda tulipanda. Balaa lilikuwa wakati wa kushuka, saa nne na nusu, kwenye kipande chenye mwinamo mkali. Mgeni wa pili katika kamba aliweka mguu, na theluji ikaachia pale pale kwenye kiatu chake, upana wa sahani, kisha ikapanuka kwenda chini kama shuka linalokunjuliwa. Haikunguruma. Sauti yake ilikuwa ya mahindi yanayomiminwa kwenye gunia. Ikamchukua miguu, kamba ikakaza, nami nikajitupa juu ya shoka langu la barafu na uzito wote niliokuwa nao. Tulisimama mita chache juu ya ufa uliokuwa wazi. Theluji ilipotulia, ilikuwa imemkaba kuanzia magoti kwenda chini, na kwa dakika tu ikawa ngumu kama saruji. Tulimchimbua kwa mashoka karibu dakika ishirini. Mguu haukuvunjika, namshukuru Mungu. Ila jambo moja halijaniacha mpaka leo: jibu nilikuwa nalo kiganjani tangu saa nane usiku, na nililikunguta nikaendelea.

Zingatia uzito ule. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya kavu haifiki hata kilo 100. Theluji iliyoloa ikishaporomoka na kurundikana, mita hiyo hiyo moja inaweza kupita kilo 500: magunia matano ya kilo mia mia, kwenye nafasi inayotosha mtu mmoja kukaa. Inakwenda polepole kuliko poromoko kavu, na wengine hujidanganya kwamba wataikimbia. Ikisimama haikuachii nafasi ya kutikisa hata kidole, na aliyefukiwa humo anakosa hewa mapema.

Basi usiku wa kuamkia kilele fanya hivi. Toka saa nane, uende hatua kadhaa mbali na kibanda, maana joto la nyumba na nyayo za watu huharibu kipimo. Tazama juu kwanza. Kisha simama kwenye theluji isiyokanyagwa, uzito wote kwenye mguu mmoja, upige kisigino. Kikikataa kuingia na kutoa sauti kavu, umepata usiku mzuri. Kikivunja gamba jembamba kisha kikazama kwenye uji, usiku umekunyima. Chomeka mpini wa shoka: gamba lenye unene wa sentimita mbili ni rangi tu, jua la saa moja linalimaliza, gamba la sentimita kumi au zaidi ni akiba. Na kumbuka kwamba kadiri unavyopanda joto hupungua kama nyuzijoto 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo kilele cha mita 5,109 huwa baridi kuliko Elena kwa nyuzijoto 3 na kidogo. Kama Elena kunanyesha mvua wala si theluji, usijipe moyo kwamba juu kumeganda. Pima tena ukifika pembeni ya barafu, kabla hamjafungana kamba.

Kisha kuna kipimo cha mkono, ambacho napenda kukifanya kila baada ya nusu saa jua likishatoka. Vua glovu ya nje, chota theluji, ujaribu kuifinyanga. Ikikataa kushikana na kumwagika kama unga, ni kavu. Ikishikana na kuwa donge zuri, ina unyevu kidogo, na hapo bado wewe na mteremko mnaelewana, ila anza kuhesabu. Ukiona maji yaking'aa kati ya chembe bila kuchuruzika, imeloa. Ukikamua na maji yakatiririka, imeloa sana, na usiwe popote penye mwinamo mkali juu yako au chini yako. Ikifika kuwa uji unaotoka majimaji bila hata kukamuliwa, huo unaweza kutembea hata kwenye mteremko wa upole ambao kwa theluji kavu usingeufikiria mara mbili.

Mwinamo wenyewe uupime, usiukisie. Simu yako ina programu ya kupima mlalo, au unaweza kuipakua bure: laza mpini wa shoka juu ya theluji kuelekea chini, weka simu juu yake, usome. Maporomoko mengi ya bamba, yale ambayo tabaka zima la theluji hukatika kwa pamoja, hutokea kati ya digrii 30 na 45. Macho ya binadamu hukosea bila aibu. Weka simu mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji.

Rwenzori yetu ina mambo matatu ambayo mafunzo ya Ulaya hayatakueleza vya kutosha, na hapa nitakaa kidogo.

La kwanza ni unyevu wa hewa. Hewa yenye mvuke ikigusa theluji, mvuke unageuka umande juu yake, na unapogeuka unatoa joto kubwa: gramu moja ya umande inatosha kuyeyusha gramu saba za theluji na zaidi. Mlima wetu unaishi ndani ya mvuke. Ndiyo maana siku ya ukungu, jua halionekani, upepo wa vuguvugu unapanda kutoka bonde la Bujuku, unakuta theluji inaoza haraka kuliko siku ya jua kali na hewa kavu. Na ukungu ukiwa mwembamba, jua likipenya kwa rangi ya maziwa, ni vibaya zaidi: mwanga unaingia, joto linazuiwa kutoka. Wapagazi wangu wa zamani walikuwa wanalijua hilo bila kusoma popote. Walisema siku ya namna hiyo uso unaungua huku macho hayaoni jua.

La pili ni dira. Kwa Mzungu, mteremko wa kusini ndio wa jua na wa kaskazini ndio wa kivuli, kwisha. Margherita iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, upande wa kaskazini kidogo. Mwezi wa sita jua la adhuhuri linakuwa kaskazini mwako, mwezi wa kumi na mbili linakuwa kusini, na mwezi wa tatu na wa tisa liko utosini. Kwa hiyo mteremko uliokuwa baridi mwezi wa kumi na mbili unaweza kuwa ndio wa kwanza kuloa mwezi wa sita. Kinachobaki bila kubadilika ni mashariki: asubuhi huwa wazi mara nyingi, mawingu hufunga baadaye, kwa hiyo miteremko inayotazama Uganda hupata jua la moja kwa moja kuliko ile inayotazama Kongo.

La tatu ndilo lililowapata nyinyi. Theluji kuukuu, iliyoyeyuka na kuganda mara nyingi, ina chembe kubwa, maji hupita ndani yake kama kwenye changarawe, na ikiganda tena inashikana. Hiyo si adui sana. Adui ni theluji mpya inayoloa kwa mara ya kwanza, hasa ikiwa imelala juu ya barafu tupu. Maji yanashuka mpaka yakutane na barafu, hayana pa kwenda, yanateleza juu yake kama sabuni juu ya kigae. Mwezi wa tano ni msimu wa mvua. Kwenye urefu ule mvua hiyo ni theluji ya sentimita kumi na tano, ishirini, thelathini kwa usiku. Siku ya kwanza ya jua baada ya theluji kama hiyo ni siku mbaya ya kuwa kwenye mteremko mkali baada ya saa nne asubuhi, hata kama picha zinatoka nzuri kuliko siku zote. Nayo mvua ikinyesha juu ya theluji mpya, usingoje ishara nyingine. Mvua inaleta maji na uzito kwa pamoja, na theluji inaweza kuachia ndani ya dakika chache tangu matone yaanze.

Wazee wetu waliuita mlima huu kwa theluji yake, nzururu, na wakasema juu kule ni kwa Kitasamba, mungu wa mlima, hakupandwi ovyo. Walikaa chini wakausoma mlima kwa macho kila alfajiri kabla ya mtu yeyote kuleta kamba. Tabia hiyo ya kutazama alfajiri ndiyo ninayokuomba uirithi.

Tuje Alpi. Utakuta kitu ambacho hujawahi kukikanyaga: theluji ya msimu mzima, tangu mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili, tabaka juu ya tabaka, mita mbili au zaidi sehemu nyingine. Kwetu kila usiku ni majira ya baridi na kila mchana ni kiangazi, kwa hiyo mlima unajisahihisha kila baada ya saa ishirini na nne. Kule majira yanageuka mara moja. Theluji ya kaskazini inaweza kukaa kavu na baridi mpaka mwezi wa nne, kisha ndani ya siku chache za joto maji yanafika ndani kwa mara ya kwanza tangu ianguke. Humo ndani kuna tabaka dhaifu la chembe kubwa kama sukari ya mawe lililozikwa tangu mwanzo wa msimu. Maji yakilifikia, bamba zima lililo juu yake linaweza kukatika, upana wa kiwanja cha mpira, bila mtu kuligusa.

Poromoko hilo la bamba lililoloa ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halina adabu ya kutoa taarifa. Lile la kuanzia nukta moja, kama lililompata mgeni wangu, unaliona likija: vidonge, kisha mikwaruzo midogo ya pembetatu chini ya miamba, maana miamba myeusi hunyonya jua na kuyeyusha theluji iliyoizunguka. La bamba unaweza kukaa siku nzima bila ishara. Kuchimba shimo na kugonga tabaka, kipimo kinachosaidia sana kwenye theluji kavu, hakiaminiki kwenye theluji iliyoloa. Hali inabadilika haraka kuliko unavyochimba. Kinachobaki ni historia: usiku ngapi zimepita bila theluji kuganda? Usiku mmoja wa mawingu unanitia wasiwasi. Usiku mbili au tatu mfululizo bila kuganda, mimi siendi kwenye wala chini ya mteremko mkali wowote, nabaki kibandani nanoa kingo za ski.

Kuna na aina ya tatu utakayoiona kwenye miteremko ya nyasi laini na miamba mitelezi: theluji yote mpaka ardhini inajikokota polepole kwenda chini, na juu yake unafunguka mpasuko wa kahawia unaopinda. Wanaozungumza Kijerumani wanauita mdomo wa samaki, na ukiuona utakubali. Usimwamini anayekuambia kwamba mpasuko maana yake mteremko umeshapumua. Unaweza kuachia mchana, usiku, leo au wiki ijayo. Usipumzike chini yake, usile chakula chini yake, pita mbali.

Jua la kule lina utaratibu: linaanza mashariki, linazunguka kusini, linamalizia magharibi. Mwenyeji wako atapanga safari kwa kulifuata. Mtaondoka kibandani giza bado, mkipanda kwa ngozi zilizobandikwa chini ya ski zisiteleze kurudi nyuma, na kramponi za ski kwenye gamba gumu. Kisha mtangoja kileleni mpaka sentimita mbili tatu za juu zilainike, chini yake kukiwa bado kugumu. Hiyo ndiyo theluji tamu ya kuteleza, punje zake kama mahindi yaliyokobolewa. Furaha yake ni ya muda mfupi, pengine saa moja. Ski zikianza kuzama mpaka kwenye kiatu, muda umepita, na kama bado mko juu, shukeni kwa mgongo wa mlima au kwa mteremko wa upole, mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Siku nyingi za mwezi wa nne inabidi muwe mmerudi kibandani saa tano asubuhi. Msisahau kwamba njia ya kurudi inaweza kupita chini ya mteremko wa mashariki ambao umekuwa ukipikwa tangu jua lichomoze. Mlipokuwa mkifurahi upande wa pili, wenyewe ulikuwa unaloa.

Kila jioni soma taarifa ya hatari ya eneo mnalokwenda. Uswisi inatolewa na taasisi ya theluji na maporomoko iliyoko Davos, na nchi nyingine za Alpi zina zake. Ngazi ni tano, na tangu 1993 nchi za Ulaya zinatumia mizani hiyo hiyo moja. Majira ya kuchipua mara nyingi utakuta ramani mbili, ya asubuhi na ya alasiri. Asubuhi ngazi 1, alasiri ngazi 3, mteremko ule ule. Watu husoma ile ya kwanza na kufunga simu.

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi, mwenyeji wako atakuazima: redio ndogo ya kuvaa mwilini inayotoa na kupokea mawimbi ili kumtafuta aliyefukiwa, ufito mrefu wa kuchomekea theluji, na sepetu ya chuma. Vyote vitatu, kila mtu. Omba mfanye mazoezi nusu siku kabla ya safari, maana aliyefukiwa kabisa ana nafasi nzuri ya kuishi kama dakika kumi za kwanza, baada ya hapo nafasi hiyo inaporomoka, na hakuna helikopta itakayofika kwa muda huo. Wanaomwokoa ni wale waliokuwa naye.

Tangu sasa mpaka mwezi wa nne unazo safari kadhaa za kupanda. Chukua daftari dogo. Kila unapolala kambi ya mwisho kabla ya kilele andika saa uliyotoka, nyota au wingu, kisigino kilizama kiasi gani, gamba lilikuwa na unene gani. Kisha andika saa ambayo donge la mkononi lilianza kutoa maji, na ulikuwa mteremko unaotazama wapi. Siku mliyogeuka bila kufika kileleni iandike pia, pamoja na ulichokiona. Ukimwonesha mwenyeji wako daftari hilo atajua anatembea na mtu wa kazi, hata kama ski utakuwa unajifunza kwake.

Na mkubwa wako, usimbishie mbele ya wageni. Ni mkubwa wako, na siku nyingine utamhitaji. Mkiwa wawili pembeni ya barafu, kabla ya kufunga kamba, mpe lile donge alishike mwenyewe na umwambie alikamue. Maji yakimshukia kwenye kiwiko, nyamaza, umwachie yeye atamke kwamba leo tunarudi.